Thelathini na Mmoja

Mshauri wa wanafunzi yuko likizo ya uzazi,
kwa hiyo mwaka huu fomu nimepewa mimi,
mwalimu wa hesabu, nisiyeweza hata
kumshauri paka wangu pa kulala.

Calama, Oktoba. Vumbi limefika hadi kwenye meno.
Dirishani kuna mlima uliojengwa na binadamu,
kifusi cha mgodi wa shaba, kifusi juu ya kifusi,
na malori yanaupanda,
madogo kama kunguni kwenye godoro.

Fomu ina visanduku vitatu.
Kazi unayoitaka.
Kazi ya pili, ukiikosa ya kwanza.
Kipaji chako, kwa maneno yasiyozidi kumi.

Maicol Ayavire kaandika: dereva wa lori. Kakata.
Kaandika: mhandisi. Kakata.
Karatasi imetoboka, naye kaomba ruhusa ya choo.
Krishna Colque anataka udaktari wa meno,
na kwenye kipaji: "Mama anasema nina mikono midogo."
Sikucheka. Nilicheka kidogo.
Eliseo kaandika mshahara tu, bila jina la kazi,
na sifuri moja imezidi.

Nayareth Lobera hajaandika kitu.
Yuko karibu na mlango, kama kawaida yake,
binti wa alama za wastani,
mstari ninaouruka daftarini
nikimtafuta wa kwanza na wa mwisho.
Nikamwambia: andika basi, hata uongo.
"Uongo ninao, mwalimu," akasema.
"Baba kanipa wake. Shangazi kanipa wake."

Saa tano na dakika saba, ardhi ikajigeuza.
Tumeizoea; ardhi ya huku hulala vibaya.
Lakini taa iling'oka, kengele ikalia,
tukatoka mbio hadi uani.
Daftari la mahudhurio nililikumbatia kifuani
kama mtoto mchanga,
wala sikulifungua.
Wengine walitoa simu. Wengine walicheka
kile kicheko cha magoti.

Nayareth alisimama mbele yetu,
midomo ikienda, kidole kikienda,
kichwa baada ya kichwa.
"Thelathini na mmoja," akasema.
"Tuko thelathini na wawili. Maicol hayupo."

Kweli. Mlango wa choo ulikuwa umekwama,
na nyuma yake yule aliyelitaka lori na kulikataa
alikuwa akigonga kwa kiatu, akiita,
kengele ikiimeza sauti yake.

Baadaye nikamuuliza: ulijuaje?
"Huwa nahesabu," akajibu,
kama mtu anayekiri wizi.
Kwenye basi. Kanisani. Mezani kwao,
tangu kaka yake ahamie Antofagasta:
anapanga sahani, anajua moja itabaki,
na bado anazihesabu.
Alidhani ni ugonjwa.
Alikuwa akingoja siku ya kuuliza kama unatibika.

Nilitaka kumtajia: uuguzi, zimamoto,
ualimu — hapana, ualimu tuuache,
mwalimu mwenyewe alikuwa uani na daftari limefungwa.
Ulimi ulikuwa tayari. Nikauuma.
Majina ameshapewa ya kutosha.

Mimi nilipokuwa na miaka kumi na saba
niliandika "hesabu" kwa sababu nilizipata.
Hakuna aliyeniuliza
huwa nahesabu nini nisipotumwa.
Nina miaka hamsini na miwili. Bado sijui.

Jioni nikakusanya karatasi.
Yake ilikuwa ya chini kabisa.
Kazi unayoitaka: patupu.
Kazi ya pili: patupu.
Kipaji, kwa penseli, herufi zimeinama
kana kwamba zinapita chini ya waya:

Najua nani hayupo.

Maneno matatu. Saba yamebaki.

Nimeipeleka ofisini.
Karani ameirudisha na wino mwekundu: haijakamilika.
Nimeirudisha kwake.
Leo asubuhi nimeikuta tena mezani pangu.
Nimeirudisha kwake.